Nikasomee muziki au nipige tu kwa raha zangu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nayapata kila wiki, mengine inboksi, mengine tukiwa tunakunja nyaya baada ya shoo saa nane za usiku na kila mtu kachoka. Nimeona niyajibu mara moja nipumzike.

Kwa wasionijua, mi ni mpiga kinanda. Mchana natunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi hapa Dar, mabati, misumari, rangi, jioni na wikiendi napiga. Nilianzia kwaya ya kanisa nikiwa na miaka 12, nikapiga kwa sikio miaka na miaka, afu ukubwani nikaenda darasani miaka miwili, madarasa ya jioni, kisha nikarudi kupiga kwa raha. Kwahiyo pande zote mbili nimekaa. Ntajibu kama tunavyoongea, msitegemee lugha ya ofisini.

Napiga kwa sikio miaka mingi na watu wanacheza. Darasa litaniongezea nini?

Ngoja nikwambie kilichonipeleka mimi. Wapiga kinanda wa kwaya mnakijua kile kitufe cha transipozi. Unajifunza ki moja tu (ki ni sauti ambayo wimbo umesimamia, ile key), mimi ilikuwa F, waimbaji wakipandisha unabonyeza juu mara mbili, wakishusha unabonyeza chini, vidole vinabaki palepale. Miaka minane nimeishi hivyo na watu wananiita mwalimu. Siku moja tukaalikwa kwenye ndoa kanisa la wenyewe, nafika nakuta piano. Piano kabisa ya mbao, haina waya, haina umeme, haina kitufe. Mama mmoja akaanzisha wimbo, kwa sikio nikajua yuko kwenye A, na mimi maishani mwangu nina F tu. Nilipiga besi kwa kidole kimoja mwanzo mpaka mwisho, jasho linashuka kwenye kola, mwenyekiti wa kwaya ananiangalia kama mtu aliyeiba sadaka.

Wiki iliyofuata nikaanza kutafuta mwalimu. Wa kwanza hakunifaa, ntamsimulia huko chini, ila ndani ya miezi minne na wa pili nilikuwa napiga kwenye ki saba bila kugusa kitufe. Na siri yenyewe ilikuwa ndogo kiasi cha kutia hasira: mwalimu alinifundisha kuzihesabu kodi kwa namba (kodi za muziki jamani, zile sauti kadhaa unazozibonyeza kwa pamoja, sio za TRA). Moja, nne, tano, sita. Ukishajua wimbo unakwenda moja-sita-nne-tano basi unaupiga popote utakapoangukia. Sikio langu lilikuwa linayajua hayo yote tangu utotoni ila halikuwa na majina yake, na kitu kisicho na jina huwezi kumwelekeza mpiga gitaa jukwaani, unabaki kumwambia "hapo, hapo, hapana, ile ya kwanza".

Kwahiyo jibu langu: darasa litakuongezea majina, na litakutoa pale ulipokwama. Kama hujakwama popote na watu wanacheza, sioni haraka ya nini.

Mi najua sol-fa tu. Hiyo inahesabika kama kusoma muziki?

Inahesabika na wala usiinamishe kichwa. Kuna watu wakishaona ile mistari mitano wanaanza kuwadharau wanakwaya na makaratasi yao ya *d r m f s l t*, na mi huwa nawauliza, wewe unaweza kushika karatasi hujawahi kuiona ukaimba sauti ya tatu papo hapo? Mama wa kwaya anayeuza nyanya Mabibo anaweza.

Sol-fa ilitengenezwa Uingereza karne ya 19, Sarah Glover alianza, John Curwen akaiboresha na kuisambaza, afu wamisionari wakaja nayo Afrika kwa sababu kuichapa ni rahisi, ni herufi na nukta tu, hata mashine ya kawaida ya kupigia chapa inatosha. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, aliyetunga mwaka 1897 ule wimbo ambao sisi leo tunausimamia kama Mungu Ibariki Afrika, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni na tungo zake alikuwa anaziandika kwa sol-fa. Kwahiyo wimbo wa taifa letu umetokea kwenye hizo hizo herufi unazozionea aibu.

Shida yake ni moja, na nimeigonga mwenyewe. *Do* inahama. Leo *do* ni G, kesho *do* ni E, kwa muimbaji ni sawa kabisa lakini kwa mtu mwenye chombo mkononi lazima ujue imehamia wapi. Na kodi za kisasa za jazi kuziandika kwa sol-fa ni mateso. Ukitaka kuvuka kwenda mistari mitano, uzuri ni kwamba nusu ya safari umeshaimaliza. Mahadhi unayasoma, mapigo unayahesabu. Kilichobaki ni kuzoea macho.

Nikisoma si ntaanza kupiga kama roboti?

Hili ndo swali linaloulizwa kuliko yote, na sitakudanganya, kuna kipindi linatokea. Mimi ilikuwa kama miezi minane. Nakaa kwenye daladala, unapigwa wimbo wa bendi niliokuwa naupenda tangu mtoto, badala ya kuusikia naanza kuhesabu, moja, nne, aah kumbe hapa kaweka mbili ndogo, mpaka wimbo unaisha sijausikia. Nikarudi nyumbani nimechukia. Nilimwambia mwalimu wangu, akasema subiri, akaniacha hivyo hivyo bila maelezo. Ikaja kupita. Siku moja nikajikuta natingisha kichwa bila kuhesabu, na yale majina yapo tu nyuma, kama mtu anayejua kusoma akipita kwenye bango, husomi kwa makusudi ila umeshasoma.

Roboti ninaowajua mimi walikuwa roboti kabla ya shule.

Ila kuna hatari nyingine ambayo watu hawaiongelei, nayo ni kusoma muziki wa watu wengine mpaka wa kwenu ukausikia kama umekosewa. Hii nimeishika kwa mkono. Nilienda Unguja kumtembelea binamu yangu, akanipeleka kwenye mazoezi ya kikundi cha taarab asilia, ghorofani, chumba kidogo, feni moja, wazee wana fidla mbili, udi ule wa nyuzi, ganuni, na ngoma ya dumbak. Nikawaamkia, binamu akajitapa eti huyu ni mtaalamu kasomea, wakanipa kinanda. Wimbo uko kwenye rasti, moja ya skeli za Kiarabu. Nikapiga E. Mzee wa udi akatikisa kichwa. Nikajua nimekosea, nikashusha nusu, E-flati. Akatikisa tena. Nikarudi E. Wakasimamisha. Mzee akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiyo sauti inakaa baina ya hizo mbili." Akamwambia wa fidla amuoneshe mgeni, yule akaweka kidole, ikatoka, na kweli ilikuwa katikati, na ilikuwa tamu, na kwenye kinanda changu haipo. Miaka miwili nimefundishwa kwamba kati ya E na E-flati hamna kitu.

(Kuna vinanda vya mashariki unavyoweza kuvishusha robo, na wapiga kinanda wa taarab wanavijua vizuri sana. Mimi nilikuwa sijui hata kama hilo ni tatizo.)

Kwahiyo kabla hujalipa ada uliza: ni muziki gani wanafundisha? Mwalimu mzuri wa piano ya Ulaya anaweza asikusaidie chochote kwenye rasti, na mzee wa udi anaweza asikusaidie chochote kwenye karatasi ya Bach. Wote ni wasomi.

Mbona magwiji wengi hawakusoma?

Inategemea kusoma unakuita nini. Chukua Siti binti Saad, muimbaji wa taarab. Mtoto wa mfinyanzi kutoka Fumba, Unguja, alikuwa anatembeza vyungu, darasa hakuliona. Mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi, na sahani zake zikasikika pwani nzima. Watu wanaishia hapo, "unaona, hakusoma". Lakini alipohamia mjini alikaa chini ya Ali Muhsin, akafundishwa kuimba na muziki wa Kiarabu. Sasa huyo kama si mwalimu ni nani?

Au Franco, huyu wa OK Jazz ya Kinshasa. Alianza na gitaa la kujitengenezea mwenyewe, anapiga pembeni ya mama yake akiuza maandazi sokoni ili wateja wasogee. Cheti hana. Ila alikuwepo Dewayon, ambaye alikuwa na gitaa la kweli na akamfundisha, na kijana hakubanduka hapo.

Upande wa pili kuna Fela Kuti wa Nigeria, yule wa afrobeat, alienda London 1958, nyumbani wakijua anakwenda kusomea udaktari, akaishia Trinity College of Music kusomea tarumbeta. Na alichokuja kukifanya Lagos baadaye hakifanani hata kidogo na alichofundishwa kule, sasa sijui tuseme shule ilimsaidia au ilimpa kitu cha kukikimbia. Nadhani vyote viwili.

Na msifikiri kusomea muziki ni mambo ya juzi. Sultan Barghash wa Zanzibar, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimtuma mtu, Mohamed bin Ibrahim, mpaka Misri akajifunze ganuni, arudi afundishe wenzake. Yaani taarab yenyewe, huu muziki tunaoambiwa ni wa kurithi, kwenye mizizi yake kuna mtu aliyelipiwa masomo nje ya nchi. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, hebu fikiria mtu wa kwanza anashuka nayo bandarini na kila mtu anamuuliza hicho ni nini.

Kwangu mimi swali la nani alisoma na nani hakusoma halina faida. Uliza alikaa na nani. Wote hao walikuwa na mtu wa kukaa naye.

Ni kweli lazima ufanye masaa 10,000 ndo uwe mzuri?

Hapana. Hiyo imetokana na utafiti wa mwaka 1993 wa Anders Ericsson na wenzake, waliangalia wapiga fidla wa chuo kimoja cha Berlin, wakaona wale bora kabisa wakifika miaka 20 walikuwa wamefanya mazoezi ya peke yao kwa wastani wa kama masaa elfu kumi. Wastani. Wapo walio chini ya hapo, na hao ni watu wanaojiandaa kuishi kwa fidla. Baadaye 2008 ikatoka kwenye kitabu maarufu ikawa kama sheria, na Ericsson mwenyewe alilalamika kwamba wamemuelewa vibaya.

Ukipiga saa moja kila siku bila kuruka, masaa elfu kumi ni miaka 27. Mimi nina duka la kuhesabia misumari. Kufika mahali ambapo unakaa kwenye bendi ya mtaani bila kuwaharibia wenzio ni suala la mwaka na nusu, miwili, kama unafanya kila siku nusu saa ya maana.

YouTube si inatosha? Kila kitu kipo.

Kipo, tena bure ukiwa na bando. Nyimbo nyingi nimezidaka huko na naendelea. Kitu ambacho haina ni macho. Haikuoni.

Kuna kijana tunapiga naye, gitaa la solo, kajifunza lote kwenye simu, ana spidi ambayo mi naogopa. Lakini alikuwa ameshika shingo ya gitaa vibaya, kifundo cha mkono kimekunjika kama anabeba sinia. Video mia tatu kaangalia na hakuna hata moja iliyomwambia "wewe, nyoosha mkono". Mwaka wa tatu mkono ukaanza kuwaka, akawa hawezi kumaliza shoo. Mzee mmoja mpiga ridhim wa bendi za zamani alimuona dakika mbili tu, akamwambia pandisha mkanda wa gitaa juu, dole gumba rudisha nyuma ya shingo. Dakika mbili. Ilimchukua miezi kuacha ile tabia lakini tatizo lilionekana kwa dakika mbili.

Kwahiyo ushauri: hata kama unategemea simu, lipia masomo matatu manne ya mwanzo kwa mtu, aangalie unavyokaa, unavyoshika, unavyopumua kama ni muimbaji. Baada ya hapo rudi kwenye bando lako.

Nijuaje kama nahitaji mwalimu au nahitaji tu kufanya mazoezi?

Hili ndo swali ambalo ningependa watu waanze nalo kabla ya mengine yote, na nina kipimo changu. Chagua kipande kifupi kinachokushinda. Kifupi kweli, sekunde kumi na tano. Jumatatu kipige, jirekodi kwa simu. Kila siku kipigie dakika ishirini, polepole, kuanzia spidi ambayo hukosei. Jumamosi jirekodi tena. Sasa sikiliza zote mbili, ikiwezekana mbele ya mtu asiyekuonea huruma.

Kama ya Jumamosi ni nzuri kuliko ya Jumatatu, huna shida ya mwalimu. Una shida ya kutokaa chini. Hela yako weka.

Kama zinafanana kabisa, kosa lile lile mahali pale pale, hapo umekwama na hujui umekwamia wapi, na hicho ndo kitu cha kulipia. Tena ukifika kwa mwalimu usimwambie "nataka kujua muziki", hiyo ni kama kwenda kwa fundi ukamwambia nataka gari. Mpelekee ile rekodi. Mwambie hapa. Mwalimu mzuri atafurahi, na asiyefurahi akakuambia lazima uanze kitabu cha kwanza ukurasa wa kwanza, mi ningeondoka. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa hivyo. Miezi miwili nilipiga vidole vitano kwenda na kurudi, nikimuuliza kuhusu ki ananijibu "bado". Niliacha kinanda kabisa kama nusu mwaka kwa sababu yake. Wa pili ndo akanipa zile namba siku ya kwanza.

Nataka kusoma rasmi kabisa. Nianzie wapi?

Inategemea upo wapi na unataka nini. Kwa Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy ya Mji Mkongwe, ilianza 2002, na uzuri wake ni kwamba utajifunza udi, ganuni, fidla ya taarab, ngoma, pamoja na nadharia, yaani ile sauti ya katikati iliyonishinda mimi wao ndo kazi yao. Bagamoyo kuna TaSUBa, wa siku nyingi mnaijua kama Chuo cha Sanaa, kimeanza 1981, na pale muziki unakaa pamoja na ngoma, maigizo na sanaa nyingine. Hukwe Zawose, yule bingwa wa zeze na ilimba kutoka Ugogo, alikuwa pale, kwahiyo usije ukafikiri muziki wa asili hauna darasa. Shahada ya muziki ipo chuo kikuu cha Makumira kule Arusha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana idara ya sanaa bunifu.

Kenya wametutangulia kwenye hili, tukubali. Muziki ni somo la mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari, tamasha lao la muziki la shule limeanza 1927, Nairobi kuna Conservatoire tangu 1944, na vyuo vikuu vya Kenyatta na Maseno vyote vinatoa shahada. Kijana wa Kisumu anayetaka kusoma muziki ana njia iliyonyooka kuliko wa Kigoma.

Ada zinabadilika kila mwaka, piga simu uulize. Na uliza kama wana masomo ya jioni, maana wengi wanaoniuliza wana kazi na watoto.

Hizi gredi za ABRSM ni za nini? Nifanye?

Ni mitihani ya Waingereza, ipo tangu 1889, gredi 1 mpaka 8. Anakuja mtahini au unatuma video, unapiga vipande vilivyopangwa, na kwa ile ya ana kwa ana unapimwa pia sikio na kusoma kitu hujakiona. Kwenda gredi 6 na kuendelea lazima kwanza uwe na nadharia gredi 5 au mbadala wake, na hapo ndo watu wengi wanagota.

Mimi nilifanya mpaka 5. Faida niliyoipata ni tarehe. Ukijua mtihani ni mwezi wa kumi na moja na hela umeshalipa, unakaa chini upige. Kama wewe ni mtu wa kuahirisha, hiyo tarehe inakusaidia kuliko cheti. Kwa mtoto anayetaka kuja kusoma chuo nje, zina maana zaidi. Kwa mpiga besi wa bendi ya dansi, sioni.

Cheti kitanipa kazi?

Kufundisha shule, ndio, wanataka karatasi. Shule za kimataifa wanataka karatasi. Bendi za polisi na jeshi wanataka watu wanaosoma noti, au wanakufundisha wenyewe ukishaingia.

Harusi, hotelini, studio, bendi: sijawahi kuulizwa cheti. Hata siku moja. Naulizwa mambo matatu, unafika saa ngapi, una chombo chako, na unaijua ile nyimbo. Ukienda kusoma ukitegemea karatasi ndo itakuita jukwaani utakuja kuwa na uchungu, na nimewaona wenye uchungu, wanakaa meza ya nyuma wanahesabu makosa ya wanaopiga.

Ila chuo kinakupa kitu kingine ambacho hakiandikwi kwenye cheti. Watu. Nusu ya kazi ninazozipata zinatoka kwa niliosoma nao jioni zile. Mmoja yuko studio, mmoja anafundisha, mmoja ni mc.

Nina miaka 43. Nimechelewa?

Kwa kuwa mpiga fidla wa okestra ya Berlin, umechelewa. Kwa mengine yote hapana. Watu wazima wana vidole vigumu lakini wanajua wanachokitaka, na hawalazimishwi na mama.

Wazazi wanasema muziki ni uhuni. Niwajibuje?

Kama unakula kwao, maliza masomo yao kwanza afu piga gitaa lako jioni, sina jibu la kishujaa hapa. Baba yangu alisema hivyo hivyo. Siku aliyoniona napiga kwenye msiba wa shangazi, sauti nne, watu wametulia, hakusema kitu. Ila tangu siku hiyo wageni wakija anawaambia nipige.

Nikianza kulipwa, raha haitaisha?

Itapungua, na inapungua mahali usipotegemea. Mimi nilidhani kitakachonichosha ni kutolipwa kwa wakati. Hicho kinachosha kweli, lakini kilichonimaliza ni kurudia. Kuna msimu nilikuwa napiga sherehe nne kwa wiki, kitchen party, sendoff, harusi, harusi, na zote zinataka nyimbo kumi zile zile, kwa mpangilio ule ule, keki inaingia na wimbo ule ule. Mwezi wa tatu nilikuwa napiga huku nawaza hesabu za dukani. Mikono inakwenda, mi sipo. Mke wangu alikuja sherehe moja akaniambia tukiwa njiani, "Leo ulikuwa umenuna kama unakatwa mshahara."

Nikapunguza. Sasa napiga za kulipwa mara mbili kwa mwezi, zinanunua nyaya na spika, na Jumatano napiga bure na wenzangu tunachotaka sisi. Sisemi kila mtu afanye hivyo, kuna wenzangu wanasomesha watoto kwa harusi hizo hizo na wanapiga kwa furaha kila siku, nawavulia kofia. Ila usiache kazi inayokulipa kodi ya nyumba kwa sababu unapenda muziki. Iache kama unazipenda pia zile nyimbo kumi.

Ninunue chombo gani cha kuanzia?

Kilichotumika, kutoka kwa mtu anayepiga, na umpeleke mtu anayejua akakijaribu. Gitaa la bei chee lenye nyuzi zilizonyanyuka kama waya wa umeme linaua watu wengi kuliko mwalimu mbaya, vidole vinauma wiki ya pili unaliegemeza ukutani halitoki tena. Kinanda, angalau vibao 61 na vinavyoitikia nguvu ya kidole. Na kile kitufe cha transipozi, mi nimekifunika na plasta.

Kikundi chenu kinachukua watu?

Tunafanya mazoezi Jumatano saa kumi na mbili jioni, stoo ya duka, nyuma ya mabati, mwenye duka ametupa ruhusa mpaka saa tatu usiku. Noti sio lazima. Mpiga tumba wetu amehamishiwa Dodoma mwezi uliopita kwahiyo nafasi ipo, ila uje na tumba zako, maana na zake kaondoka nazo.